Filimbi ya Mwisho Pale Kibondo

Vijana mnaoanza kozi ya uamuzi wa mpira mwaka huu mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Sheria kumi na saba mtafundishwa na wengine, na wanazijua kuliko mimi. Mimi nitawaandikia juu ya woga, maana huo haumo kwenye kitabu, na ndio mtakaoubeba kila Jumamosi pamoja na filimbi, kadi na chupa ya maji. Asiyeogopa asishike filimbi. Nimewaona wawili wa namna hiyo maishani mwangu. Mmoja sasa anauza vocha, mwingine anachechemea.

Jina langu la uwanjani ni Mara Mbili. Nilipewa na wauza viatu wenzangu wa sokoni Kasulu, kwa kuwa mzigo ukishushwa nauhesabu, nikishaufungua nauhesabu tena. Tabia hiyo nikaingia nayo uwanjani: wachezaji wa huku, wachezaji wa kule, halafu narudia. Mnacheka. Siku moja Kitanga nilihesabu mara ya kwanza nikapata kumi na mmoja, mara ya pili nikapata kumi na wawili. Yule wa ziada alikuwa ameingia nilipogeuka kuhesabu wapinzani, akasimama beki ya kushoto, na kwa kweli alikuwa anacheza vizuri kuliko wenzake. Nilipomtoa, kocha wake aliniambia kwa uchungu kwamba mimi ni adui wa vipaji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ruhaga, fundi cherehani wa Kabanga, mtu mfupi mwenye mapafu ya mhunzi. Somo lake la kwanza halikuwa la mpira. Alinipeleka uwanjani asubuhi, hakuna hata mbuzi, akaniuliza, "Utatokea wapi?" Nikamwonyesha lango. "Hapo ndipo watakapokusubiri. Utatokea wapi?" Tulizunguka uwanja mzima mpaka nikaona pengo kwenye uzio wa minyaa, nyuma ya choo. Akasema sasa naweza kujifunza kuotea.

Kwa hiyo shikeni haya. Pikipiki iegesheni ikitazama barabara. Vuteni nyavu kwa mikono, kila kona, kwa sababu tundu la wavu linaweza kukuua kuliko penalti: mpira ukipita kwenye tundu, nusu ya uwanja itaapa ni goli na nusu itaapa si goli, na wote watakuwa wakweli. Wakati wa mapumziko kaeni katikati ya uwanja, kwenye duara, hata kama mvua inanyesha. Ukiingia chumbani hata kwa kujisaidia, watu watasema ulikwenda kuonana na fulani. Na begi lako usiliache kwa wenyeji. Mpe mama ntilie. Yeye analisha timu zote mbili, hana upande, na hakuna shabiki atakayethubutu kumgombeza mtu aliyeshika mwiko wa ugali.

Hili la begi Ruhaga alijifunza kwa suruali yake. Aliiacha kwenye chumba cha wenyeji, akatoa penalti dhidi yao, na baada ya mchezo ikawa watu wamesimama mlangoni, na suruali iko ndani. Alirudi kwao na bukta, mwezi wa saba, kwenye baridi yetu ya milimani, amekaa kwenye basi kati ya mtawa na mwanajeshi. Alisema hakuna aliyemuuliza kitu, na ndiyo iliyomuuma zaidi.

Somo lake kubwa lilikuwa hili: usimwendee mshika kibendera mbele ya watu kama huna swali la kweli. Watu wakikuona unatembea kwenda kuuliza, wanaona duka limefunguliwa, na kila mmoja atakuja na bei yake. Mimi mtu wa soko nililielewa haraka. Ukisita kutaja bei, umeshapunguza.

Msidhani waamuzi tu ndio wanaoogopa. Nimeona timu nzima ikiruka uzio ili isipite langoni, kwa kuwa waliambiwa lango limefukiwa kitu. Nahodha mmoja alikataa kugusa sarafu yangu, akataka nirushe jiwe. Nyuma ya goli niliwahi kukuta yai, na kipa amesimama hatua nyingi mbele ya mstari, hataki kurudi. Nikaliokota, nikalipasua mbele yake. Lilikuwa viza. Akarudi golini, lakini mchezo mzima aliniangalia mimi kuliko mpira, na siku ile nami nilikwenda nyumbani nikanawa mikono mpaka sabuni ikaisha.

Nimechezesha hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kule Wakongo wakikasirika wanakushambulia kwa maneno, na maneno yao yana ladha; refa wanamwita arbitre. "Arbitre, weye uko naona ao uko nasikia tu?" Uwanja mzima unaangua kicheko, hasira inakwisha, mpira unaendelea. Nilitamani viwanja vyote viwe hivyo.

Lakini msimu ninaotaka kuwasimulia ni ule wa mwisho kwangu, wa ligi ya mkoa, na mtu mwenyewe ni Mwanaidi.

Mwanaidi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kitanga. Kwao ni Tanga. Serikali ilimpangia huku milimani, akaja na ushungi wake na koti jembamba ambalo halikumsaidia kitu. Alikuja kwenye meza yangu ya viatu kutafuta njumu za timu ya shule. Nilitaja bei, akataja yake, nikashuka kidogo, yeye hakupanda hata kidogo. Alisimama tu, ananitazama kwa adabu, kama anayesubiri mtoto amalize hesabu. Jua lilipohama kwenye meza nilikubali. Nikamwambia mtu asiyeyumba kwenye bei hatayumba kwenye mstari, kama anataka kibendera aje. Alicheka. Jumamosi akaja.

Alikimbia kama mjeledi. Suruali ndefu, ushungi umefungwa nyuma, jicho halimtoki beki wa mwisho. Kasoro niliyoiona ilikuwa moja: hajui Kiha. Mashabiki wetu wakimtukana mwamuzi hawatumii Kiswahili, wanatumia lugha ya nyumbani, maana ndiyo yenye makali. Yeye mgongo wake uko kwao, maneno yanamwagika, na usoni ametulia kabisa.

"Mzee, wale wa nyuma wanasemaje?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Wanakusalimia."

"Waha mnasalimia sana."

"Sana, mwanangu. Ndiyo mila yetu."

Msimu mzima nikawa mkalimani wa uongo. Wakisema apelekwe kupimwa macho, mimi namwambia wanauliza habari za kwao. Festo, mshika kibendera wangu wa pili, dereva wa bodaboda pale mjini Kasulu, alikuwa anageukia pembeni ili asicheke. Mimi sikucheka sana. Niliogopa kwa niaba yake. Niliona ni afadhali woga ubebwe na mmoja.

Mchezo wa kufunga msimu ulipangwa Kibondo. Nyuki FC, wenyeji, dhidi ya Chaki FC ya Kasulu, timu ya walimu na wanachuo. Hesabu ilikuwa rahisi: Chaki wakipata sare wanakuwa mabingwa wa mkoa na wanapanda, Nyuki ni lazima washinde. Nilipopigiwa simu kuambiwa tumepangwa sisi watatu, nilikaa chini kwanza. Kijana, ukiona viongozi wanapeleka mwamuzi wa Kasulu kuamua mchezo wa timu ya Kasulu nyumbani kwa watu wa Kibondo, ujue wengine wote wameshasema wanaumwa.

Tulipanda basi siku moja kabla. Lami sasa ipo, safari haina shida, ila mimi njiani nilikuwa nahesabu vilima kama mtu anayejua atavipita tena gizani. Gesti ya kwanza mhudumu alituuliza tumekuja kwa shughuli gani. Festo, domo lake lile, akajibu, "Sisi ndio marefa." Mhudumu akafunga daftari. "Vyumba vimejaa." Funguo zote zilikuwa zinaning'inia nyuma yake.

Tulipata gesti nyingine, na jioni akaja mgeni. Mwenyekiti wa Nyuki, Mzee Bitaliho, mfuga nyuki kweli, mpole, kofia mkononi. Alibeba dumu la asali. Tulisalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mvua. Kisha akalisogeza dumu.

"Asali ya hapa kwetu, Mzee mwenzangu. Ya wageni."

"Nashukuru sana. Nina kisukari."

"Basi watoto nyumbani."

"Nao pia."

Festo alikohoa. Mwanaidi alikuwa anatazama sakafu. Bitaliho hakukasirika hata kidogo. Alilichukua dumu lake, akavaa kofia, na pale mlangoni akasema kwa upole uleule, "Sawa. Kesho tucheze mpira. Mkumbuke tu, barabara ya kurudi Kasulu ni ileile moja."

Usiku ule sina la kuwaeleza, nilikuwa macho. Asubuhi Festo naye alikuwa na macho mekundu. Mwanaidi peke yake ndiye aliyekunywa chai na chapati, akaomba nyingine.

Uwanja ulijaa mpaka kwenye matawi. Askari wawili walikuwa wamepaki gari lao karibu na lango la kuingilia, upande wa mabenchi, ambako nilimpanga Festo. Mwanaidi akabaki upande wa pili, upande wa watu. Sikuweza kumpanga kwingine: mwenye jicho zuri anakaa na mwisho wa safu ya ulinzi itakayosumbuliwa, na kipindi cha pili Nyuki wangeshambulia goli la upande wake. Nilivuta nyavu. Nikahesabu wachezaji. Nikavihesabu na vile vibendera vya kona, ambavyo havijawahi kuongezeka.

Kipindi cha kwanza Chaki walifunga, Nyuki wakarudisha. Bao moja kwa moja. Mapumziko tukakaa kwenye duara, maji mkononi, kelele zimetuzunguka kama moshi. Mwanaidi alifuta jasho kwa pembe ya ushungi.

"Mzee," alisema, "nyuma yangu kuna mmoja ana kofia ya njano. Anasema nikinyanyua tena dhidi ya Nyuki atanivunja mkono wa kibendera. Mwenzake anasema auache mkono, avunje mguu, ili nisifike Kasulu."

Nikageuka taratibu. "Nani amekutafsiria?"

"Nafundisha darasa la kwanza, huu mwaka wa tatu. Watoto wa Kitanga wanakuja shuleni hawajui hata 'njoo' kwa Kiswahili. Unadhani nawafundishaje?"

"Kwa hiyo msimu wote…"

"Msimu wote. Ila ulikuwa unatafsiri vizuri, Mzee, nikaona nisikuharibie."

Festo aliinama, akashika uso kwa mikono miwili, sijui anacheka au analia. Nilidhani nimebeba woga wa watu wawili. Kumbe alikuwa ameubeba wake mwenyewe tangu siku ya kwanza, na juu yake ananibebea na aibu yangu.

"Badilishana na Festo," nikamwambia.

"Mimi?" Festo aliinua uso. "Kule? Ticha, nakuheshimu, lakini mimi nina mke."

"Hakuna kubadilishana," Mwanaidi alisema, akasimama kabla sijampa ruhusa.

Kipindi cha pili nilikichezesha shingo ikiwa inauma, kwa kuwa kila mpira ukitoka mguuni namwangalia yeye kwanza. Alinyanyua mara moja, kurusha, wala si kuotea, na ilikuwa haki ya Nyuki; hata hivyo kofia ya njano ilimsogelea. Jua likaanza kuelekea milimani. Sare inawatosha Chaki, wakawa wanaanguka kila wakiguswa na upepo. Nikatoa kadi ya njano kwa mmoja aliyekuwa ameumia kifundo cha mguu wa kushoto na kushikilia wa kulia.

Dakika tisini zilikuwa zinakaribia kuisha pale mpira ulipopigwa mrefu kutoka katikati. Mshambuliaji wa Nyuki aliuchukua nyuma ya mabeki, akamzunguka kipa, akasukuma. Wavu ukacheza. Mimi nilikuwa mbali, na mgongo mpana wa beki wa Chaki ulikuwa mbele yangu. Sikuona mstari. Niliona kitu kimoja tu: kibendera cha Mwanaidi kiko juu, kimenyooka, hakitikisiki.

Filimbi ilinitoka kabla woga haujanifikia. Nikanyoosha mkono: kuotea, mpira wa adhabu kwa Chaki. Halafu woga ukafika.

Watu walikuwa tayari wameingia uwanjani kushangilia. Kelele ile ilikatika kama redio iliyoishiwa betri, ikarudi na sauti nyingine. Hawakunijia mimi. Mimi nilikuwa katikati, mbali. Yeye alikuwa pale pale mikononi mwao. Nilipoanza kukimbia nilimwona mwenye kofia ya njano ameshika kitambaa cha kibendera, na Mwanaidi ameshika mti wake, na hakuna anayeachia.

Mpira ulikuwa umedunda kutoka wavuni, nikauokota njiani. Sikuwa nimepanga, mkono wa mfanyabiashara huokota bidhaa kwanza. Nikaukumbatia, nikafika, nikasimama kati yao na yeye, nikamtafuta Bitaliho kwa macho. Alikuwa anakuja, kofia mkononi, mpole vilevile.

"Mwenyekiti," nikasema kwa sauti ya kusikika, "mpira ninao mimi. Na muda ninao mimi."

"Tupe goli letu."

"Goli halipo. Muda upo. Mkimgusa huyu, mchezo umevunjika hapa hapa, pointi zinakwenda Kasulu bila jasho. Mkirudi nyuma ya mstari, mnacheza mpaka muda wenu uishe. Mnaweza kufunga lingine, la halali, na nitalikubali mbele ya macho yenu."

"Muda gani?"

"Wote uliopotea. Na huu mnaoupoteza sasa."

Alinitazama. Nami nilimtazama kama ninavyomtazama mteja aliyeshika kiatu na kuanza kuondoka nacho. Ukimfuata, umeshindwa. Akageuka, akachukua tawi, akaanza kuwachapa watu wake miguuni. "Rudini. Rudini nyuma. Bado tunacheza."

Wakarudi. Mwenye kofia ya njano alirudi hatua moja, wengine kumi.

Hapo Festo alikuja. Alikatiza uwanja mzima akikimbia, kibendera chini ya kwapa, uso umekuwa wa majivu. "Ticha," alisema akihema, "nenda kule kwenye askari. Mimi nabaki huku."

"Si una mke, Festo?" Mwanaidi akamuuliza.

"Nenda, kabla sijamkumbuka."

Mwanaidi alitazama ng'ambo, kwenye gari la askari. "Nikihama hapa sasa, watasema bendera ilikuwa na makosa," alisema. "Rudi kwako, ndugu yangu. Ahsante."

Festo alirudi anatembea kinyumenyume.

Sasa nisikilizeni vizuri, vijana, maana hapa ndipo kazi ilipo. Nilipouweka mpira chini na mchezo ukaendelea, nilielewa kitu ambacho Ruhaga hakunifundisha. Mpira unapochezwa, tuko salama. Wana matumaini, na mwenye matumaini anakaa nyuma ya mstari. Filimbi ya mwisho ndiyo itakayowaachia. Filimbi hiyo iko mdomoni mwangu, na ni mimi nitakayeipuliza. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kile kipande cha plastiki.

Navaa saa mbili, mnajua. Zote mbili zilikubaliana. Wapo waamuzi ambao pale wangeendelea kuongeza mpaka mwenyeji apate alichotaka, kisha kila mtu aende kula. Nilifikiria. Nisiwadanganye, niliona jinsi ingekuwa rahisi. Kisha nilimwangalia yule mwanamke amesimama sambamba na beki wa mwisho, kitambaa cha kibendera kimechanika nusu, nikaona hiyo ingekuwa kumnyang'anya ule mti uliobaki.

Muda ukaisha. Nikauongeza ule wa kusimama, kwa haki, hadi sekunde ya mwisho. Nao ukaisha.

Filimbi ya mwisho ipulizeni pale mnapotaka kuwa, si pale mpira ulipo. Nilisubiri mpaka kipa wa Chaki alipoupiga mpira juu kuelekea upande wa mabenchi. Macho yote yaliufuata angani. Mimi nilikwenda kinyume, nikitembea kama mtu anayepata nafasi nzuri ya kuona, mpaka nikawa bega kwa bega na Mwanaidi. Nikapuliza.

Kisha nikasikia miguu.

"Tusikimbie," nikamwambia.

"Sikimbii."

Chupa ya maji ikapita. Jiwe likaanguka mbele. Uwanja mzima wa kuvuka, na gari la askari kule likionekana dogo kama la kuchezea. Nilikuwa natafuta neno la kuwaambia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara sikuwa na bidhaa mkononi. Hakuna muda tena. Hakuna mpira. Nilikuwa nimeuza vyote.

Mwanaidi akageuka. Si kuelekea kwenye gari, kuelekea kwao. Mstari wa mbele, mbele hata ya kofia ya njano, alikuwa amekaa bibi kizee kwenye kitenge, ungo wa karanga za kuuza mapajani. Mwanaidi alipiga magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama binti wa Kiha aliyelelewa vizuri, akasema, "Mwidiwe, mama."

Mnaijua salamu yetu. Haina njia ya mkato. Ukianza na mwidiwe ya jioni, unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza mifugo, unauliza waliolala na waliosafiri, na aliyesalimiwa hana budi kujibu moja moja. Kutojibu ni tusi ambalo ukoo unalirithi. Na mtu hapiti kati ya wawili wanaosalimiana.

Bibi alimtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye ushungi. Mwenye kofia ya njano alikuwa ameshafika, jiwe mkononi.

"Mwidiwe," bibi akajibu hatimaye, "mwizi wetu."

Wachache walicheka, kicheko kibaya, lakini ni kicheko. Mwanaidi hakuinuka. Akauliza nyumba. Nyumba ni salama. Akauliza watoto. Wapo, ila wamelia leo kwa ajili yako. Akasema wake wako Kitanga, wengi, darasa zima, wazima. Akauliza mguu, kwa kuwa bibi alikuwa ameunyoosha mmoja. Mguu ni mbaya, tangu mvua.

Kofia ya njano alisema kitu, akasogea.

"Wewe," bibi alimwambia bila kumtazama, "subiri. Nasalimiwa."

Akasubiri. Naapa, alisimama na jiwe lake mkononi kama mtu aliye kwenye foleni. Nyuma yake wengine walisimama. Salamu ikaendelea, na mimi nilikuwa naisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati akijua paa lina tundu. Nilijua itafika mwisho. Salamu zote zina mwisho.

Bibi akafunga ungo wake kwa kitenge, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nisaidie kuinuka. Nifikishe barabarani, hawa vijana wana haraka."

Tukavuka uwanja hivyo. Mwanaidi amemshika mkono bibi, bibi anachechemea taratibu mno, mimi nyuma nimebeba karanga. Walitufuata, wanatukana, lakini nani atarusha jiwe pale alipo bibi? Mmoja alijaribu, likanipata mgongoni. Nililipokea bila kugeuka. Tulipofika langoni, askari walikuwa wameshuka garini, na Festo alikuwa ameshaingia, amekaa nyuma ya dereva.

Bibi alichukua ungo wake. Akamwambia Mwanaidi, kwa Kiswahili sasa, ili na askari wasikie: "Usirudi hapa mwaka huu." Halafu akaondoka, na mguu wake, nikaona, haukuwa mbaya kiasi kile.

Askari wakaturudisha Kasulu na gari lao, taa za Kibondo zikapotea nyuma yetu. Mwanaidi alikuwa ameshika ule mti wa kibendera kwenye magoti. Alijaribu kuuweka chini, vidole havikufunguka. Festo alimfungua kimoja kimoja.

"Mzee," alisema baadaye, "uliona ameotea?"

"Sikuona."

"Kabisa?"

"Niliona mgongo wa beki. Halafu nikakuona wewe."

Alitazama nje gizani. "Na kama nisingenyanyua?"

"Ningekubali goli. Tungekunywa asali."

Hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye kiti cha mbele, na mabega yake yakaanza kutikisika, na sisi wanaume wawili tukatazama barabara.

Video za simu zilizunguka wiki ile nzima. Moja ilipigwa nyuma ya goli, nyingine kutoka juu ya mti. Watu wa Kasulu waliziangalia wakaona ameotea wazi. Watu wa Kibondo waliziangalia hizohizo wakaona hajaotea. Mimi niliziangalia kila moja mara mbili, na bado niliona mgongo wa beki. Nilimpigia Mwanaidi simu, hakupokea. Nikampigia tena. Nilisikia shuleni kwake kwamba anafundisha kama kawaida, ila jioni haonekani nje.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mchezo wa kirafiki Kabanga, vijana wa mtaani, hakuna kombe, hakuna chochote. Nilifika mapema, nikavuta nyavu, nikaweka vibendera viwili chini kwenye nyasi. Upande mmoja wa uwanja ni ukuta mtupu na ng'ombe wawili. Upande wa pili watu walikuwa wameshaanza kujaa, wametoka kuona video zile, wanaulizana kama yule mwalimu atakuja. Nilikuwa nimeshamwomba mwanachuo mmoja ashike nafasi yake.

Bodaboda ya Festo ikaingia. Mwanaidi alishuka, akafunga ushungi nyuma, akaokota kibendera. Uso ulikuwa umekonda. Vidole, niliangalia vizuri, viliukaza mti kama usiku ule garini.

"Nikae upande upi, Mzee?"

Nikamwambia leo achague mwenyewe.

Alitazama ukuta na ng'ombe. Akawatazama watu. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwa watu, polepole, kibendera kikigonga paja, na alipofika kwenye mstari aliwageuzia mgongo.